Maarifa ya wafanyakazi na utendaji wa kampuni za ujenzi: tunayapotezea wapi?

Mleta uzi:

Wakuu, salaam. Naomba tujadili kwa utulivu jambo ambalo kampuni nyingi za ujenzi hulitaja kwenye vikao na kulisahau saiti, nalo ni namna zinavyosimamia maarifa ya wafanyakazi wao, na namna usimamizi huo unavyojitokeza kwenye muda, gharama, ubora na usalama wa miradi. Nilianza kazi nikiwa mhandisi wa saiti na sasa nasimamia miradi kadhaa kwa wakati mmoja, kwa hiyo nitaanza na nililoliona kwa macho yangu kabla sijafika kwenye nadharia.

Kampuni moja niliyowahi kuifanyia kazi ilijenga jengo lenye ghorofa iliyo chini ya ardhi. Kuta zilipokamilika, maji yakaanza kuchuruzika kwenye kiungo kati ya sakafu na ukuta. Tulipochimbua tukakuta ule mkanda wa mpira unaowekwa kwenye kiungo ili kuzuia maji umelala na kujikunja, kwa sababu haukufungwa sawasawa kwenye nondo, na zege lilipomwagwa likausukuma chini. Fomani wa saiti ile alijifunza somo lake siku hiyo. Tangu hapo hakuruhusu zege limwagwe kabla hajaupitia mkanda wote kwa mkono, ameinama, akivuta kila waya alioufunga kuona kama umeshika. Mradi ulipokwisha, mkataba wake nao ukaisha, akaenda zake. Miaka miwili baadaye, kwenye jengo jingine lenye ghorofa ya chini inayofanana na ile, kampuni ileile ilirudia kosa lilelile, na wiki tatu zikaishia kwenye kuchimbua, kusindilia dawa kwenye nyufa na kubishana na mhandisi mshauri. Hakuna aliyezembea. Waliokuwa saiti ya pili hawakuwa wakijua, na aliyekuwa akijua hakuwapo.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: kampuni ya ujenzi haipotezi maarifa kwa sababu haina kabati la kuyahifadhia, bali kwa sababu imepangwa kwa miradi, na mradi huvunja kikundi cha watu siku ileile kinapofikia kilele cha kuelewa kazi yao. Kiwandani mashine haihami, na fundi wa leo atakuwa palepale kesho kutwa. Saiti inahama, na ikihama hubadilisha udongo, msanifu, makandarasi wadogo, na mara nyingi robo tatu ya watu.

Wasomi wa eneo hili hutenganisha maarifa bayana, yaani yale yanayoandikika kwenye michoro, vipimo na taratibu, na maarifa fiche, yaliyo kwenye mikono na macho ya mtu. Michael Polanyi, mwanakemia mzaliwa wa Hungaria aliyegeukia falsafa, ndiye aliyeipa hoja hiyo uzito mwaka 1966 kwa kuonyesha kwamba mtu hujua mengi kuliko anayoweza kuyasema. Mwaka 1995 Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi, watafiti wa Japani, wakaeleza namna maarifa fiche yanavyopita kutoka mtu hadi mtu kwa kufanya kazi pamoja, yanavyotamkwa, yanavyounganishwa na mengine, na hatimaye yanavyorudi kuwa mazoea ya mtu mwingine.

Anayeona maneno hayo ni ya darasani tu, na autazame mchanga. Karatasi ya vipimo hutaja idadi ya maboksi ya mchanga na kokoto kwa kila mfuko wa saruji, pamoja na kiasi cha maji. Mvua ikinyesha usiku, mchanga uliolala nje huamka umebeba maji yake, na wakati huohuo umevimba, maana mchanga wenye unyevu huweza kuongezeka ujazo kwa robo hivi bila kuongezeka hata chembe moja. Anayepima kwa boksi anaingiza mchanga pungufu na maji ya ziada kwa mkupuo mmoja, na maji yakizidi kiasi kinachohitajiwa na saruji, nguvu ya zege hupungua. Fundi mzoefu huchota konzi ya mchanga, huufumbata, hufungua kiganja na kuutazama unavyoshikana, kisha humwambia mwendesha mikisa, ile mashine ya kuchanganyia zege, apunguze maji. Ukimuuliza amejuaje, atakwambia ameona tu. Baada ya siku 28, kyubu za zege, yaani vipande vya majaribio, zinapovunjwa maabara, tofauti ya saiti yenye mtu huyo na saiti isiyo naye huwa imeandikwa kwa tarakimu, ingawa hakuna safu kwenye fomu inayosema tofauti hiyo ilitoka kwenye kiganja cha nani.

Kuna pia maarifa ambayo yamekwisha kutamkwa, tena kwa usahihi, lakini yakakosa njia ya kumfikia mwenye uamuzi. Mfano ninaoupa uzito kuliko yote ni wa daraja la Quebec, Kanada, lililoanguka likiwa linajengwa tarehe 29 Agosti 1907 na kuua wafanyakazi 75. Siku kadhaa kabla ya hapo Norman McLure, mkaguzi kijana aliyekuwa darajani, alipima baadhi ya vyuma vikuu vya chini na kukuta vimepinda, na kupinda kwenyewe kulikuwa kunaongezeka. Palepale saiti wengine walidai kwamba vyuma vilikuja vimepinda hivyo kutoka kiwandani. McLure alisafiri hadi New York kuonana na Theodore Cooper, mhandisi mshauri mashuhuri ambaye kwa sababu ya umri na afya hakuwa akifika saiti. Cooper alielewa mara moja, akatuma telegramu kwamba mzigo usiongezwe darajani, lakini aliituma Phoenixville, Pennsylvania, kwenye ofisi za kampuni iliyokuwa ikilijenga. Darajani kwenyewe kazi iliendelea, na kabla ya mwisho wa zamu daraja likaporomoka. Mwenye vipimo alikuwapo, mwenye utaalamu wa kuvitafsiri alikuwapo, na mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi alikuwapo, ila watatu hao hawakuwa mahali pamoja wala hawakuwa na njia fupi ya kusemezana.

Ningependa kusikia kutoka kwa walio kwenye fani: kwenye kampuni zenu, maarifa haya yanavujia wapi zaidi?

Mkadiriaji majenzi:

Ndugu mleta uzi, umeeleza saiti vizuri, lakini mimi nadhani shimo kubwa kuliko yote liko ofisini kwangu, kwenye chumba cha zabuni. Tunapokokotoa bei, tunatumia viwango vya uzalishaji: mwashi mmoja na msaidizi wake watajenga mita ngapi za mraba za ukuta kwa siku, kikundi cha mafundi nondo kitafunga kilo ngapi, mbao za boksi, yaani umbo la kumwagia zege, zitatumika mara ngapi kabla ya kutupwa. Viwango hivyo vingi vilirithiwa kutoka kwa mtu aliyetutangulia, naye alivirithi kwa mwingine. Saiti wanajua ukweli. Fomani anajua kwamba mbao tulizoandika zitatumika mara sita zimekufa baada ya mara ya tatu, kwa sababu nguzo za jengo lile zina kona nyingi na kila mara inabidi zikatwe upya. Lakini taarifa hiyo haipandi kuja kwetu. Mradi ukiisha tunaletewa hesabu ya jumla, faida au hasara, na kutoka kwenye jumla huwezi kujua ni kipengele gani kilichokula fedha.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Tunashinda zabuni zile tulizokosea kwa kushusha bei, na tunapoteza zile tulizokosea kwa kupandisha, kwa hiyo kazi tunazopata ni zile hasa ambazo ujinga wetu ulituponza. Nimewahi kukaa na fomani mmoja kwa siku mbili nzima, yeye akiwa na daftari lake la kurasa zilizolowa na kukauka, ambamo aliandika kila jioni idadi ya watu na kazi iliyofanyika. Daftari lile lilisahihisha viwango vyangu kumi na moja. Alikuwa akiliandika kwa ajili yake mwenyewe, ili asidhulumiwe hesabu za vibarua, na katika miaka yote ya ajira yake hapakuwa na mtu wa ofisini aliyewahi kuomba kuliona.

Niongeze la madai, kwa ufupi. Mkandarasi anayedai muda wa ziada hushinda au hushindwa kwa kumbukumbu za siku ile, si kwa hoja nzuri zinazoandikwa miezi sita baadaye. Shajara ya saiti isipoandikwa, haki hupotea hata kama mtu wa kuishuhudia bado yuko hai na anakumbuka.

Mleta uzi:

Mkuu, hilo la zabuni sikulifikia kwa uzito huo, na nakiri kwamba ndipo uhusiano wa maarifa na faida unapokuwa wa moja kwa moja kuliko popote. Daftari la fomani ni mfano mzuri pia wa kitu ambacho kimeshaandikwa tayari na bado hakijawa cha kampuni.

Fundi mstaafu:

Vijana, mimi ni mwashi na baadaye fomani, nimestaafu. Nimesoma maneno yenu yote na naona mnazunguka jambo moja bila kuligusa. Kwa nini nikufundishe? Mimi nimeajiriwa kwa mradi. Zege la paa likikauka, napewa barua. Kinachonifanya niitwe mradi unaofuata ni kwamba kuna jambo nalijua na wengine hawalijui. Nikilitoa lote kwenye kikao cha asubuhi, akalishika kijana wa mshahara nusu ya wangu, mwaka ujao ataitwa yeye. Wahandisi wengi wamenijia na karatasi wakitaka niwaandikie uzoefu wangu. Niliwaandikia, ila niliwaandikia yale ambayo kila mtu anayajua.

Nisieleweke vibaya. Nimefundisha vijana wengi, na baadhi yao leo ni mafomani. Lakini niliwafundisha kwa kuwa walikuwa chini yangu kwa miaka, na kazi yao ikiharibika aibu ilikuwa yangu. Nilimfundisha kijana kusikiliza zege. Ukigonga boksi kwa mpini wa nyundo wakati vibreta, mashine ya kutetemesha zege lishikane, inafanya kazi, pale penye uwazi panalia kama ngoma tupu, na pale palipojaa sauti inakuwa nzito, inakufa palepale. Huwezi kumwandikia mtu sauti hiyo. Aligonga nguzo zaidi ya hamsini mimi nikiwa nimesimama pembeni kabla sijamwacha agonge peke yake.

Mleta uzi:

Mzee wangu, shikamoo. Umesema jambo ambalo waandishi wengi wa mada hii hulipita haraka. Wanachukulia kwamba mfanyakazi ana maarifa na kampuni inayahitaji, kwa hiyo kinachokosekana ni mfumo wa kuyahamisha. Lakini maarifa ya fundi ndiyo mtaji wake, na kumwomba autoe bure huku ajira yake ikipimwa kwa urefu wa mradi ni kumtaka ajinyime riziki kwa hiari. Kampuni nilizoziona zikifanikiwa ni zile zilizobakisha kikundi kidogo cha kudumu cha mafomani na mafundi wakuu hata kati ya mradi na mradi, zikakubali kuwalipa nyakati ambazo kazi ni ndogo, na zikahesabu ufundishaji kuwa sehemu ya kazi yao inayolipwa. Wahasibu huuona mshahara wa miezi hiyo kuwa hasara. Hawaioni hasara ya mkanda uliojikunja mara ya pili, kwa sababu hiyo imeandikwa chini ya kichwa kingine cha matumizi.

Na kuhusu kusimama pembeni nguzo hamsini, tazameni hekalu la Ise, Japani, ambalo kwa desturi hujengwa upya kila baada ya miaka 20, na mara ya mwisho ilikuwa 2013. Sababu zake ni za kidini, lakini kwa upande wa useremala urefu wa kipindi hicho una maana yake: seremala anaweza kuikuta kazi ileile akiwa kijana wa kubeba mbao, akaikuta tena akiwa fundi kamili, na akaikuta mara ya tatu akiwa mzee wa kuelekeza. Mpangilio wa kazi ndio unaorithisha ujuzi. Kampuni zetu hazina miaka 20 ya kusubiri, ila zinaweza kuamua nani anafanya kazi kando ya nani, na uamuzi huo kwa kawaida hufanywa kwa kuangalia tu nani hana kazi wiki hiyo.

Mwanafunzi wa uzamili:

Ndugu mleta uzi, ninaandaa tasnifu kuhusu mada hii. Nimekusudia kugawa hojaji kwa wafanyakazi wa kampuni za ujenzi, wajibu kwa kiwango cha moja hadi tano kama kampuni yao hukusanya, husambaza na hutumia maarifa, kisha wajibu kama utendaji wa kampuni ni mzuri, halafu nipime uwiano. Je, njia hii inafaa?

Mleta uzi:

Itakupa jibu, na nina hakika jibu litakuwa kwamba uwiano upo. Shaka yangu ni juu ya maana yake. Mtu yuleyule, kwa karatasi ileile, siku ileile, anakwambia maarifa yanasambazwa na kwamba kampuni inafanya vizuri. Anayeipenda kampuni yake atatia alama ya nne pande zote mbili, na aliyecheleweshewa mshahara atatia ya pili pande zote mbili. Utakuwa umepima hali ya moyo. Tena hata uwiano ukiwa wa kweli, mwelekeo wake unaweza kuwa kinyume: kampuni yenye faida ndiyo yenye nafasi ya kufanya semina na kubakisha wazoefu.

Ukiweza, chukua upande wa utendaji kutoka kwenye kumbukumbu: idadi ya siku ambazo mradi ulizidi mkataba, gharama ya kazi zilizorudiwa, tofauti ya bei ya zabuni na gharama halisi kwa kila kipengele, idadi ya ajali. Kurudia kazi ndicho kipimo ninachokiamini zaidi, kwa kuwa kosa lililowahi kutokea kwingine ndani ya kampuni na likarudiwa linaweza kutambuliwa moja kwa moja. Upande wa maarifa nao, badala ya kuuliza kama kampuni husambaza maarifa, uliza mara ya mwisho mtu alipokwama alimuuliza nani, na huyo alikuwa mradi gani. Ukichora mistari ya majibu hayo utaona haraka kampuni ambayo kila saiti ni kisiwa.

Usisahau pia mipaka ya kampuni. Sehemu kubwa ya ujuzi wa jengo iko kwa makandarasi wadogo na watengenezaji, na hatari hujificha kwenye makabidhiano. Kwenye hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, Marekani, njia za juu za waenda kwa miguu zilianguka tarehe 17 Julai 1981 na kuua watu 114. Mchoro wa awali ulionyesha fimbo moja ndefu ya chuma ikishuka kutoka darini na kubeba njia mbili, moja chini ya nyingine. Wakati wa utengenezaji fimbo hiyo ikabadilishwa kuwa fimbo mbili, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kuziunda na kuzifunga, na hivyo njia ya chini ikaning'inizwa kwenye njia ya juu, na nati za njia ya juu zikabeba mzigo mara mbili. Upande mmoja ulijua namna chuma kinavyotengenezwa, upande mwingine ulijua namna mzigo unavyosafiri, na badiliko likapita katikati yao na kuidhinishwa bila kukokotolewa.

Mhandisi kijana:

Mimi niko kampuni ndogo. Tumeambiwa tununue mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi masomo ya miradi, kwa sababu toleo la 2015 la ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, linataka kampuni itambue na kutunza maarifa yake, na mwaka 2018 kikatoka kiwango kizima cha mifumo ya usimamizi wa maarifa, ISO 30401. Je, mfumo huo utatusaidia?

Mleta uzi:

Kiwango hakikulazimishi kununua programu yoyote. ISO 9001 inakutaka ujue ni maarifa gani kazi yako inayahitaji, uyatunze, na uyafikishe kwa anayeyahitaji. Nimeona hifadhi za kidijitali zenye mamia ya masomo ya miradi ambayo hakuna aliyeyafungua, kwa kuwa yaliandikwa mwishoni mwa mradi na watu waliokuwa wamechoka, kwa maneno kama "mawasiliano yaboreshwe". Sentensi hiyo haimsaidii mtu aliyesimama mbele ya boksi la ukuta saa kumi na moja alfajiri, gari la zege likiwa njiani.

Kwa kampuni ndogo ningeanza na jambo moja. Kabla ya kila kazi mpya yenye hatari ya kurudiwa, kama vile msingi, kuta za chini ya ardhi, slabu ya kwanza na paa, tenga nusu saa, na umwite mtu mmoja aliyewahi kuifanya, kutoka saiti nyingine au hata aliyekwisha kuondoka, aulizwe swali moja tu: nini kilikuharibikia? Mlipe muda wake. Alichosema kiandikwe kwa mistari michache kwenye karatasi ya ukaguzi wa kazi hiyohiyo, si kwenye ripoti, ili fomani anayefuata akikute pale anapotia saini. Kwa namna hiyo lile la mkanda lingekuwa mstari mmoja: vuta kila waya kwa mkono kabla ya zege.

Mhandisi kijana:

Hata aliyekwisha kuondoka? Wengi wao hawatakubali.

Fundi mstaafu:

Kijana, umewauliza? Mimi nimestaafu mwaka wa sita huu. Namba yangu ya simu ni ileile, na majengo niliyoyasimamia bado yanaongezwa ghorofa na yanafanyiwa ukarabati na watu ambao hawajui chini ya sakafu tulipitisha nini. Ningekwenda hata kwa nauli tu. Hakuna aliyewahi kupiga.